Kukandika pori: jibu kwa mwalimu wa Manyoni

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Manyoni, nina miaka 27. Nimechora kwa penseli tangu utotoni, na rangi za maji nimetumia miaka miwili. Sasa nataka kuchora pori la kwetu kwa rangi nene, ile ambayo mtu akiisogelea picha anaona njia ya brashi na anatamani kuigusa. Nimejaribu mara tatu. Mbili za kwanza, za akriliki, ile rangi ya tyubu inayolegezwa kwa maji, ziligeuka tope la kijani. Ya tatu nilitumia rangi ya mafuta ya kupakia milango, nikaijaza kweli, na kesho yake ikajikunja yote kama utando wa maziwa. Nakosea wapi? Na inawezekana kujifunza huku bila duka la vifaa vya sanaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hiyo picha ya tatu, maana najua inavyouma kuamka na kukuta kazi ya siku mbili imejikunyata. Yalinikuta nikiwa na umri kama wako. Nilichora mbuyu wa nyuma ya nyumba tuliyopanga, hapa Dodoma, kwa rangi ya kopo ya milango. Shina nililijaza kwa kisu cha jikoni, nikalala nimefurahi. Kulipokucha shina lote lilikuwa makunyanzi, na nikilibonyeza, ndani rangi bado mbichi. Nilikaa miezi bila kushika brashi kwa kuamini kwamba sina kipaji, kumbe nilikosea kopo tu.

Rangi ile hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na hewa inagusa juu peke yake. Ukiipaka nyembamba, inakauka yote kwa pamoja. Ukiijaza, juu panashika utando wakati chini bado ni majimaji, utando ule unatanuka, unakosa pa kwenda, unajikunja. Wasanii wa Tingatinga wametumia rangi za jamii hiyo tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kazi hii Dar es Salaam mwaka 1968, na picha zao zinang'aa bila kunyanzi hata moja, kwa sababu wanaipaka nyembamba juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kiwandani, na kusubiri kila tabaka likauke. Kwa unavyotaka wewe haifai. Kopo hilo lirudishe kwenye milango.

Sasa tuingie porini.

Waitaliano huuita uchoraji huu impasto, neno linalotokana na kukanda donge. Sisi tuna neno jirani kabisa, nalo ni kukandika. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya tembe upande wa Mvumi, na kila kiangazi tulikandika upya ukuta uliomong'onyolewa na mvua. Alikuwa analowesha ukuta kwanza, anachota udongo kwa kiganja, anaubandika kwa nguvu, anausukuma mara moja kuelekea juu, anatoa mkono. Basi. Mimi mtoto nilipenda kurudia, nikilainisha palepale mara ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka maji yanapanda juu na udongo unang'aa kama sahani. Baada ya siku mbili pangu palikuwa pamepasuka na kuganduka, na pake pamesimama na alama za vidole vyake vitano.

Picha zako mbili za kwanza zimeharibiwa na huko kurudia. Sijaziona, lakini tope la kijani nalifahamu. Uliweka kijani cheusi, kikiwa bado kibichi ukaweka cha njano juu yake, kikachanganyika, hukuridhika, ukarudi na brashi ileile bila kuifuta, ikabeba cheusi ikakipeleka kwenye mwanga, na mwanga ikaurudisha kwenye kivuli. Baada ya dakika ishirini picha nzima ina rangi moja, wala haina pigo lililosimama. Dawa yake ni ngumu kwa mkono ingawa ni nyepesi kusema: changanya rangi kwenye paleti, kibao cha kuchanganyia, mpaka uridhike nayo, ibandike, toa mkono, futa brashi kwa kitambaa, chota upya. Kila pigo moja, futa moja. Kitambaa kikae mkono wa kushoto muda wote. Pigo likikaa vibaya, usilirekebishe kwa brashi. Likwangue lote kwa kisu, kisha bandika lingine.

Uzito wa rangi nitakueleza kwa lugha ya jikoni. Kuna uji, kuna mlenda, kuna ugali. Uji ni rangi iliyoongezwa maji mpaka inatiririka. Hiyo ni ya mwanzo, ya kugawa picha katika giza na mwanga, na ya vivuli vyote. Mlenda ni rangi kama inavyotoka kwenye tyubu za bei ya wanafunzi, inavutika ikifuata brashi na kilele chake kinalala polepole. Hiyo ni ya miti ya kati, ardhi, na sehemu zilizo kati ya kivuli na jua. Ugali ni rangi inayosimama. Ichote kwa ncha ya kisu, ipindue. Isipoanguka, na kilele chake kikibaki vilevile ukihesabu hadi kumi, huo ni ugali. Ugali ni wa mwishoni, nao ni mchache. Wanafunzi wangu wote huanza kwa kukataa neno hili, mchache, kwa sababu wamekuja kwangu kutafuta unene. Lakini ukikandika kote, jicho halioni unene tena, linaona ukurutu. Unene unasomeka pale ambapo kando yake kuna wembamba.

Na uchache huo una sababu yake. Rangi iliyosimama inanasa taa ya chumbani na kung'aa kwenye migongo yake. Ukiiweka kwenye kivuli, kivuli kinapata vimulimuli na kinapoteza kina chake. Kwa hiyo kivuli kibaki uji, hata ubao uonekane kwa chini. Milima ya mbali iwe nyembamba na laini. Anga iwe nyembamba, isipokuwa karibu na jua. Unene ukae kwenye gome lililopigwa na mwanga, kwenye jiwe la mbele, kwenye nyasi za miguuni pako, kwenye kishada cha majani kilichowashwa na asubuhi.

Nikuoneshe pigo moja kwa karibu, kisha mengine utayapata mwenyewe. Chukua mbuyu, saa moja na nusu asubuhi, mwanga ukitoka kulia. Upande wa kushoto wa shina umeshaupaka uji wa zambarau-kijivu: bluu ya altramarini, nyekundu ya udongo, nyeupe kidogo. Umekauka. Sasa kwenye paleti tengeneza fungu la rangi ukubwa wa yai la kuku, nyeupe na njano ya oka (njano ya udongo), pamoja na nyekundu ya udongo kiasi cha punje mbili za mahindi. Gome la mbuyu watu hulipaka kijivu kwa mazoea, lakini jua la asubuhi likilipiga lina wekundu ndani yake, kama shaba iliyofifia. Chota kwa tumbo la kisu cha rangi, kama fundi ujenzi anavyochota udongo kwa mwiko. Laza kisu kwenye mpaka wa kivuli na mwanga, kikiwa karibu kulala kabisa, kisha kivute kuelekea kulia ukilizunguka shina kama unamfunga mtu mkanda. Usivute kutoka juu kwenda chini. Shina la mbuyu lina mikunjo inayolizunguka, na pigo la mkanda linalipa unene wa mwili. Ukifika ukingoni inua kisu. Kinapoinuka kinaacha ukingo mdogo wa rangi uliosimama, na ukingo huo unatupa kivuli chake halisi, kivuli ambacho hukukichora. Lile pigo usiliguse tena. Teremka chini yake, bandika la pili likipanda la kwanza kidogo tu. Shina zima lisizidi mapigo kumi.

Mibuyu yetu mingi ina makovu. Watu wameichuna magome kwa ajili ya kamba, na warina asali wamepigilia vigingi vya kupandia. Makovu hayo usiyaongeze kwa rangi nyeusi. Rangi ikiwa bado mbichi, chora kwa ncha ya kisu mpaka ufikie rangi nyekundu ya chini. Kovu litakuwa shimo kweli.

Hiyo nyekundu ya chini niliyoitaja ina maana kubwa kwa pori letu. Usianze kamwe juu ya weupe. Kabla ya yote, ubao mzima upake rangi nyembamba ya udongo mwekundu na uache ikauke. Hapo katikati ya miti na nyasi, popote brashi isipogusa, ardhi yenu inachungulia, na hata kijani kidogo kikikaa juu yake kinaonekana kibichi kuliko kilivyo. Rangi hiyo unaweza kuipata bure. Chota udongo mwekundu, uloweke kwenye ndoo, koroga kwa nguvu, hesabu hadi thelathini mchanga uzame, kisha mimina maji machafu ya juu kwenye chombo kingine. Yaache yatulie mpaka kesho, mwaga maji safi, anika tope laini lililobaki, lisage na kulichekecha kwa kitambaa. Ukichanganya unga huo na gundi ya akriliki au hata gundi nyeupe ya mbao iliyolegezwa kwa maji, una rangi isiyopauka juani, maana wekundu wake ni wa chuma. Wachoraji wa kale wa mapango ya Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, walitumia wekundu wa namna hiyohiyo, na bado upo mwambani. Udongo uchote shambani kwenu, karibu na mapango yale usichote hata punje.

Kuhusu kijani sasa. Nina shaka kubwa kwamba ulinunua tyubu ya kijani. Mpe mtoto afanyie kazi ya shule. Pori la Manyoni, miezi mingi ya mwaka, si la kijani. Mwezi wa saba ni majani makavu rangi ya kamba ya katani, matawi ya kijivu, vivuli vya zambarau. Mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, kabla tone la mvua halijadondoka, miyombo inatoa majani machanga mekundu, ya shaba, ya waridi, mengine kama divai, na watu wanapita chini yake wanasema pori limekauka. Huo ndio msimu ningekuomba uanze nao. Kwanza utakufundisha kutazama badala ya kukumbuka. Pili, rangi nyekundu na za kahawia hazigeuki tope haraka kama kijani. Mvua zikija, Desemba na kuendelea, kijani kitengeneze mwenyewe: njano ya oka na nyeusi kidogo inatoa kijani cha zeituni kinachofanana kabisa na migunga, njano ya limau na altramarini ni ya majani mapya, nayo iguse na nyekundu kidogo ili isipige kelele. Rangi tatu kwa mchanganyiko mmoja, pamoja na nyeupe. Ukiingiza ya tano, tope linabisha hodi.

Orodha yako ya tyubu basi ni fupi: nyeupe ya titani, njano ya oka, njano ya limau, siena iliyochomwa au udongo wako mwenyewe, altramarini, amba iliyochomwa (kahawia iliyokolea), na nyeusi ndogo. Nyeupe nunua kubwa, ya mililita 200 ukiipata, kwa sababu unene wa mwangani karibu wote ni nyeupe iliyotiwa rangi. Nyingine za mililita 37 zitakutosha muda mrefu. Akriliki utaipata kwenye stesheneri kubwa za Dodoma, au agiza Dar es Salaam ije kwa basi. Brashi mbili tu, bapa, za nywele ngumu za nguruwe, moja upana wa kidole gumba na nyingine nusu yake. Brashi laini za rangi za maji zitakusaliti, haziwezi kubeba ugali. Kisu cha rangi kikikosekana, chukua kisu cha kupakia siagi, kile chembamba kinachopindika, na ukikunje shingo kidogo ili vidole visiguse picha.

Turubai la kununua, kile kitambaa cha kuchorea, ni ghali na sidhani kama linakufaa sasa. Mwambie fundi seremala akukatie hadibodi vipande vya sentimita 20 kwa 30, hata kumi kwa mpigo. Upande laini upige msasa kidogo, upake mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, ile ya kuta za ndani. Kwa mazoezi inatosha kabisa. Hadibodi ina faida nyingine kwa rangi nene: haichezi. Nguo inapochezacheza, unene unapasuka.

Akriliki ya bei nafuu mara nyingi ni mlenda, haifiki ugali. Kuna jeli ya kuikaza, na ukipata fedha inunue. Usipoipata, jitengenezee ugali wa chini. Ponda chaki za ubaoni ukiwa umezinyunyizia maji, vumbi lisiingie kifuani, wewe mwalimu vumbi hilo umeshalivuta la kutosha. Changanya sehemu mbili za chaki na moja ya gundi nyeupe ya mbao, na kijiko cha rangi nyeupe ya akriliki. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba, ni kali, inakula ngozi na baadhi ya rangi. Mchanganyiko huo uupake kwa kisu pale tu unapotaka gome na mawe, usizidi unene wa shilingi mbili zilizopangwa, uache siku nzima. Ukikauka, pitisha uji wa amba juu yake, uingie kwenye mitaro, futa migongo kwa kitambaa. Kisha chukua brashi karibu kavu yenye rangi ya mwanga, ipitishe kwa kuilaza, kama unafuta vumbi. Itashika migongo tu, na gome la mgunga litatokea mbele yako kwa dakika moja. Naipenda njia hii kwa gome na kwa ardhi yenye changarawe. Kwa majani siipendi, majani yanakufa. Majani yanataka rangi yenyewe, mbichi, iliyobandikwa mara moja.

Kwenye majani ndiko wengi wanakoshindwa, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Finya macho mpaka usione jani hata moja. Utaona mti una mafungu matatu au manne, kila fungu na juu lenye mwanga na chini lenye giza, kama vikapu vilivyopangwa kwenye tawi. Paka giza la fungu kwa uji, likiwa na kingo zilizochakaa. Likikauka, chukua brashi bapa, chota mlenda mzito kwenye ncha tu, igonge juu ya fungu kama muhuri na uinue, ukibadilisha pembe ya mkono kila mara. Mapigo saba, nane. Kisha mawili au matatu ya ugali pale juu kabisa jua linapogusa. Acha.

Halafu njoo na anga. Miti ya huku ina matundu mengi, anga ni nyingi kuliko majani, na usipoyafungua matundu hayo mti unakuwa mwavuli. Yafungue mwishoni, kwa rangi ya anga nene kidogo, ukiibandika ndani ya mti kwa kona ya brashi. Itie giza kidogo kuliko anga ya wazi, kwa sababu mwanga unaopita kwenye tundu dogo kati ya matawi huonekana umefifia, na ukiweka anga ileile, tundu litaruka mbele kama karatasi iliyobandikwa.

Saa ya kuchora ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Mchana pori letu halina umbo. Mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita na nusu linakuwa utosini kabisa kwa Dodoma, na kivuli cha mti kinajificha chini yake. Hakuna upande wa mwanga, kwa hiyo hakuna pa kuweka unene. Wakati huo kaa kivulini ukate mbao.

Kiangazi kina upepo, wewe wa Manyoni unaujua. Akriliki itakaukia kwenye paleti kabla hujaamua. Tandika kitambaa kilicholowa kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, changanyia rangi hapo, itakaa saa kadhaa. Picha ifunge kwenye kiti, na mgongo wake uelekee upepo. Vumbi likiingia kwenye rangi mbichi usilipanguse, subiri ikauke ndipo ulipeperushe kwa brashi laini.

Usianze na pori zima. Julai 1890, kule Auvers nchini Ufaransa, Vincent van Gogh alichora picha ya mizizi na mashina ya miti tu, bila anga, kwenye turubai ambalo upana wake ni mara mbili ya kimo, na kila mzizi una njia yake ya brashi. Alisogea karibu mpaka msitu ukawa hatua chache za ukingo wa udongo. Wewe nawe sogea. Shina moja na jiwe. Kichuguu na nyasi. Tawi la mtundu, mti wa jamii ya miyombo, lenye majani mapya mekundu likipita mbele ya kivuli.

Na zoezi langu ni hili, sina lingine. Kila Jumamosi, hadibodi moja, mti mmoja, mapigo sitini. Uji hauhesabiwi. Kuanzia mlenda hesabu kwa sauti, na ukifika sitini weka brashi chini hata kama mti una upande mmoja. Wiki ya kwanza utamaliza sitini kwenye jani la kwanza na utakasirika. Kufikia ya nne utajikuta umesimama, brashi hewani, unatazama mti kwa dakika nzima kabla ya pigo. Huko kusimama ndiko nilikokuwa nakutafuta kwako.

Rangi halisi ya mafuta, ya wasanii, itasubiri mwaka mmoja. Inabandikika kuliko akriliki, inabaki na ukali wa kila unywele wa brashi, lakini unene wa milimita chache unaweza kuchukua miezi kukauka ndani, na una sheria zake: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi, vinginevyo linapasuka. Waweza kuiweka juu ya akriliki iliyokauka, kamwe usifanye kinyume chake. Jambo moja nakuomba ulishike tangu leo, kabla hata hujainunua. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi hiyo, usivikunje ukavitupa kwenye kapu. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vianike vimetandazwa nje, au vizamishe kwenye maji.

Ukifikisha mbao nne, nitumie picha zake. Usizipige kwa mbele. Ziweke kando ya dirisha asubuhi, mwanga ukipita juu yake kwa ubavu, upige kutoka upande wa pili. Nataka kuona migongo ya rangi na vivuli vyake, nijue mkono wako ulitoka wapi na uliinuka wapi.